Barabara Kuu za Kenya: Nani Hupanga, Nani Hulipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Uchumi wa Kenya umekuwa ukikua kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka, na magari yanaongezeka kuliko lami. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara barabara mpya inapotangazwa, ada inapopanda, au nyumba ya mtu inapowekwa alama ya X. Yamepewa nambari ili pale jibu linapogusana na lingine, uelekezwe huko badala ya kusoma jambo lile lile mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Barabara kuu ni ipi, na nani anaisimamia?

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu. KeNHA husimamia barabara kuu za kitaifa, zile za daraja S, A na B: Mombasa hadi Malaba, Nairobi hadi Moyale, na nyinginezo za aina hiyo. KURA hushughulika na barabara za mijini, na KeRRA zile za mashambani. Juu yao iko Bodi ya Barabara, KRB, ambayo haijengi chochote bali husimamia na kugawa fedha za matengenezo.

Katiba ya 2010 iliongeza mhusika mwingine, kaunti. Uainishaji uliochapishwa katika Gazeti Rasmi mwaka 2016 ulihesabu takriban kilomita 161,000 za barabara nchini, na kati ya hizo karibu 40,000 tu zikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu kwa shimo lililo mbele ya lango lako, jua kwanza barabara hiyo ni ya nani. Ugomvi unaotokana na mgawanyo huu umeelezwa katika swali la 19.

2. Nani huamua barabara ipi ijengwe kwanza?

Kwenye karatasi, huamuliwa na hesabu. Wahesabuji hukaa kando ya barabara kwa siku kadhaa wakiandika kila gari linalopita: gari dogo, matatu, basi, lori la ekseli mbili, trela. Idadi hiyo hukadiriwa miaka 20 mbele, kisha faida kwa taifa (muda unaookolewa, mafuta, ajali zinazoepukwa) hulinganishwa na gharama. Barabara isiyofikisha kiwango fulani cha faida haistahili mkopo.

Kwa kweli siasa nayo ina kiti mezani, na si kila mara kwa ubaya. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, isingeshinda kamwe kwa kuhesabu magari peke yake, kwa sababu hayakuwepo. Magari yangepitaje mahali ambapo safari ilichukua siku kadhaa kwenye vumbi na mawe? Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya walisaidia kuigharamia, na leo basi la kutoka Moyale hufika Nairobi ndani ya siku moja. Kaskazini ilikuwa imeachwa nyuma tangu ukoloni, na hesabu ya magari ya jana ingeendelea kuiacha.

Ubaya huja pale barabara inapotangazwa kwenye mkutano wa hadhara kwanza, halafu hesabu zikatafutwa baadaye ili zikubaliane na ahadi.

3. Mbona huchukua miaka mingi kutoka tangazo hadi lami?

Kuna upembuzi yakinifu, usanifu, tathmini ya mazingira inayoidhinishwa na NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira), kutafuta fedha, kutwaa ardhi, zabuni, na ndipo tingatinga hufika. Hatua mbili ndizo hula muda kuliko zote: fedha na ardhi.

Mfano wa fedha ni barabara ya mwendo kasi ya Nairobi hadi Mombasa. Mwaka 2017 makubaliano yalitiwa saini na kampuni ya Marekani, Bechtel, kwa barabara ya kilomita 473. Haikujengwa. Pande mbili hazikukubaliana nani akope: serikali ichukue mkopo na kuilipa kampuni, au mwekezaji alete pesa zake na kuzirudisha kwa ada za wasafiri. Hilo ni swali la msingi la kila barabara kubwa, na likiachwa wazi siku ya kutia saini, saini hiyo haina uzito.

Kuhusu ardhi, tazama swali la 13.

## Pesa hutoka wapi?

4. Kwa jumla, barabara hulipwa na nani?

Hulipwa na watu wawili tu: mlipa kodi na msafiri. Mikopo, bondi (hati ambazo serikali huuza ili kukopa) na wawekezaji ni njia za kupata pesa leo ili mmoja wa hao wawili alipe kesho. Ukilishika jambo hili, matangazo mengi ya "barabara isiyogharimu serikali hata shilingi" utayasoma kwa macho mengine.

Barabara ya Thika, kilomita 50, iliyofunguliwa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China, pamoja na pesa za serikali. Hakuna ada. Mlipa kodi wa Wajir asiyewahi kuiona analipa sawa na mkazi wa Ruiru anayeitumia kila asubuhi. Barabara ya Dongo Kundu pale Mombasa ilipata mkopo wa Japani kupitia JICA, shirika lake la ushirikiano wa maendeleo. Expressway ya Nairobi, ile barabara ya juu ya kulipia, ilijengwa kwa pesa za mwekezaji, na msafiri ndiye hulipa (swali la 9).

5. Ushuru wa Sh25 kwa kila lita ya mafuta huenda wapi?

Huu ni ushuru wa matengenezo ya barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Wakenya wenye umri watakumbuka kwamba kabla yake kulikuwa na vituo vya ada barabarani. Viliondolewa, na badala yake kila anayenunua mafuta akawa analipia barabara pale pale kwenye pampu. Ulipanda hadi Sh18 kwa lita mwaka 2016, kisha Sh25 Julai 2024.

KRB huugawa kwa mujibu wa sheria. KeNHA hupata fungu kubwa zaidi, KURA na KeRRA hupata yao, sehemu hutengewa maeneobunge, na hata Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina asilimia moja kwa barabara za mbugani.

Kazi ya ushuru huu ni matengenezo. Inafaa kulirudia hilo kwa sababu limeanza kusahaulika. Mwaka 2016 ulipofika Sh18, Sh3 zilitengwa kwa barabara za malipo ya awamu (swali la 7). Ulipofika Sh25, Sh7 zilielekezwa kwenye madeni. Dereva wa matatu anayejaza lita 50 hulipa Sh1,250 za ushuru huu, na angalau Sh350 kati ya hizo haziendi kuziba shimo lolote.

6. Ni kweli ushuru wa barabara umeuzwa?

Kilichouzwa ni mapato ya baadaye ya zile Sh7. Serikali ilikuwa imewarundikia wanakandarasi madeni makubwa hadi wengi wakaondoa mitambo na kuacha barabara nusu nusu kote nchini. Mwaka 2025 iliamua kupata takriban Sh175 bilioni kwa kuwapa wawekezaji haki ya kupokea Sh7 katika kila lita kwa miaka ijayo. Wawekezaji hutoa pesa zote leo, wanakandarasi hulipwa, na kazi hurejea.

Faida yake ilionekana upesi, kwa kuwa barabara zilizokwama zilianza tena, na deni la mwanakandarasi lisilolipwa huzaa riba na faini kila mwezi. Wapo waliouita deni lililofichwa, na Hazina ikasema si deni kwa sababu mnunuzi hawezi kuidai serikali zaidi ya zile Sh7. Kwangu mimi jina si hoja. Hoja ni kwamba pesa za kutunza barabara za mwaka 2030 zimekwisha kutumika kulipia barabara zilizoanzishwa bila pesa. Deni likirundikana tena, kitauzwa kipi? Zilizobaki nazo zikiguswa, tutakuwa na lami mpya isiyo na wa kuitunza.

7. Barabara za malipo ya awamu ni zipi?

Mpango ulitangazwa mwaka 2014 wa kuweka lami kilomita 10,000 kwa utaratibu huu: mwanakandarasi anakopa benki mwenyewe, anajenga, anaitunza barabara kwa miaka kadhaa, na serikali inamlipa kidogo kidogo barabara ikiwa katika hali nzuri. Ikiharibika, malipo yanakatwa.

Wazo lilikuwa zuri. Benki za hapa zilisita kukopesha kwa muda mrefu, bei zikapanda, na mpango ukapunguzwa mno. Miongoni mwa zilizokamilika ni Ngong–Kiserian–Isinya pamoja na Kajiado–Imaroro. Ukipita huko tazama mitaro na alama za barabarani. Mtu aliyejua atakuja kuitunza mwenyewe hujenga kwa uangalifu zaidi.

8. Naweza kuwekeza pesa zangu katika barabara?

Ndiyo, kupitia bondi za miundombinu za Benki Kuu, ambazo riba yake haitozwi kodi. Ile ya Februari 2024 ililipa riba ya takriban asilimia 18.5. Kwa aliyenunua, ilikuwa neema. Kwa serikali, ilikuwa mkopo ghali mno. Elewa pia kwamba ukinunua bondi hii hununui kipande cha barabara fulani. Pesa huingia katika bajeti, na unalipwa na serikali hata kama hakuna kilomita iliyojengwa.

## Barabara za kulipia

9. Expressway ya Nairobi ni mali ya Wachina?

Hapana. Ni mali ya umma, lakini mapato yake kwa sasa si ya umma. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation (CRBC) ilijenga kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands kwa takriban dola milioni 668, na kampuni yake, Moja Expressway, inaiendesha na kukusanya ada kwa muda wa mkataba wa takriban miaka 30. Ikiisha, barabara inarudi kwa serikali.

Magari yaliruhusiwa kupita Mei 2022. Aliyezoea kutoka uwanja wa ndege wa JKIA hadi Westlands kwa saa mbili jioni, akafika kwa robo saa, anaelewa kwa nini wapo wanaolipa bila kunung'unika. Wasiolipa wamebaki chini, kwenye Mombasa Road, ambako njia zilibanwa na nguzo na waenda kwa miguu wakakaa muda mrefu bila njia nzuri (swali la 15).

10. Kwa nini nilipe ada na tayari nimelipa ushuru kwenye mafuta?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na hasira hiyo ina msingi. Jibu rasmi ni kwamba ushuru wa mafuta ni wa kutunza barabara zilizopo, wala hautoshi kujenga mpya zenye njia nne au sita. Ada hulipa ujenzi, na anayelipa ni yule anayefaidika.

Jibu hilo linasimama mradi mambo mawili yawepo. Kwanza, iwepo njia nyingine inayopitika bila ada. Jijini Nairobi ipo, kwa kuwa barabara ya zamani iko chini ya ile ya juu. Kati ya Nairobi na Nakuru, barabara iliyopo ndiyo inayopanuliwa na kutozwa ada, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza njia yake ya bure itapita wapi na itakuwa katika hali gani. Pili, ushuru wa mafuta uendelee kweli kutunza barabara. Sh7 zikishaenda kwenye madeni ya ujenzi, tofauti kati ya ushuru na ada inaanza kufutika, na mwananchi analipia ujenzi mara mbili.

11. Mbona ada ya Expressway ilipanda Januari 2024?

Kwa sababu mwekezaji alikopa kwa dola na msafiri analipa kwa shilingi. Barabara ilipofunguliwa dola moja ilikuwa takriban Sh116. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imepita Sh150. Mkataba uliruhusu ada kurekebishwa, na gari dogo lililokuwa likilipa Sh360 kutoka mwanzo hadi mwisho likaanza kulipa Sh500. Safari fupi kabisa ilitoka Sh120 hadi Sh170.

Shilingi iliimarika baadaye mwaka huo huo hadi karibu Sh129 kwa dola. Hapo ndipo swali linapaswa kuelekezwa kwa kila mkataba mpya: je, kuna kifungu kinachoshusha ada shilingi inapopata nguvu, au kipo cha kupandisha peke yake? Kama hatari ya kubadilika kwa thamani ya sarafu iko upande wa msafiri, basi nafuu nayo imfikie.

12. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit imefikia wapi, na NSSF inaingiaje?

Mwaka 2020 serikali ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kundi la makampuni lililoongozwa na Vinci ya Ufaransa ili kupanua barabara hii inayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda na mashariki mwa Congo. Miaka ikapita bila ujenzi, na mkataba ukavunjwa. Lililozungumzwa zaidi lilikuwa ada iliyoonekana kuwa juu mno na nani angebeba hasara magari yakipungua.

Tukae kidogo hapo, kwa kuwa ndipo mikataba ya namna hii hunufaisha au kuumiza. Kila barabara ya ada hutegemea makisio: magari kadhaa kwa siku, ada kiasi fulani. Magari yakiwa nusu ya makisio, kuna shimo la pesa, na lazima mtu alijaze. Mkataba ukisema serikali itahakikisha mapato ya chini kabisa, shimo linajazwa na Hazina, yaani wewe, hata kama huna gari. Mkataba ukimwachia mwekezaji, atataka faida kubwa zaidi kufidia hatari hiyo, na ada itapanda. Hakuna namna ya tatu, isipokuwa kukadiria magari kwa ukweli tangu mwanzo.

Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua mradi upya kwa takriban Sh170 bilioni. Safari hii wamo CRBC kwa ubia na Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), na kampuni nyingine ya China, Shandong Hi-Speed, kwa sehemu yake. Unahusu kilomita 175 za kutoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru, pamoja na njia ya Maai Mahiu. Ada iliyotangazwa kwa gari dogo ni Sh8 kwa kilomita, ikiongezeka asilimia moja kila mwaka. Kwa kilomita 175, hiyo ni Sh1,400 kwenda tu.

Kuhusu akiba ya wafanyakazi, kuna mfano jirani. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, lilijengwa kwa asilimia 60 za NSSF ya Tanzania na 40 za serikali, na wavukaji wakatozwa. Wakazi wa Kigamboni walilalamika kwa miaka, na mwaka 2022 tozo zikashushwa. Unafuu ulikuwa wa haki kwa mvukaji, lakini unaonyesha mahali mfuko wa pensheni unaposimama: ada ikiwa juu wananchi wanalia, ikishushwa mapato ya mfuko yanapungua. Mwanachama wa NSSF wa Kenya ana haki ya kujua akiba yake itarudi kwa kiwango gani na nani atafidia pengo siku serikali itakaposhusha ada kwa sababu za kisiasa.

## Ardhi, watu na miti

13. Nyumba yangu imewekwa alama ya X. Nifanye nini?

Kwanza usibomoe, na usisaini chochote barabarani. Alama ya rangi nyekundu ukutani si notisi ya kisheria. Inaweza kumaanisha kwamba uko ndani ya hifadhi ya barabara (ukanda uliokwisha kutengwa kwa ajili ya barabara), au kwamba ardhi yako inatakiwa kwa upanuzi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kama ardhi yako inatwaliwa, utaratibu uko chini ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC) na Sheria ya Ardhi ya 2012. Notisi ya kutwaa huchapishwa katika Gazeti Rasmi ikiwa na nambari za mashamba. Baada ya siku 30 au zaidi huitishwa kikao cha uchunguzi, kinachotangazwa siku 15 kabla, ambapo unapeleka hati miliki, picha, risiti, na madai yako kwa maandishi. Hudhuria kikao hicho. Wengi hukosa kwa sababu waliambiwa na mtu kwamba "mambo yatashughulikiwa", kisha wanashangaa kwamba kisima, miti ya maparachichi na ukuta havikuhesabiwa.

Juu ya thamani iliyokadiriwa huongezwa asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu. Kiwanja kilichothaminiwa Sh2 milioni kinalipwa Sh2.3 milioni. Usiporidhika, kuna jopo la kusikiliza rufaa za utwaaji ardhi lililoundwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019.

Katiba, kifungu cha 40, inataka malipo kamili na ya haraka. Uharaka huo ndio hukosekana. NLC hulipa tu baada ya KeNHA kuipelekea pesa, na KeNHA husubiri Hazina. Kuna familia zilizohamishwa zikasubiri miaka, bei za viwanja jirani zikipanda kwa sababu ya barabara ile ile. Ningependa kuona sheria ikizuia tingatinga kuingia shambani kabla ya malipo kuingia benki.

14. Sina hati miliki, lakini nimeishi hapa miaka mingi. Nina haki?

Kifungu hicho cha 40 kinaruhusu fidia kwa mtu anayekalia ardhi kwa nia njema hata bila hati. Hakisemi ni lazima, kinaruhusu. Miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika huwa na masharti makali zaidi, hivyo hata mwenye kibanda cha mboga huorodheshwa na kusaidiwa kuhama. Uliza mradi unagharamiwa na nani, kwa kuwa jibu laweza kubadili hali yako.

Ardhi iliyopatikana kinyume cha sheria, pamoja na hifadhi ya barabara iliyouzwa na mtu asiyekuwa mwenyewe, haina fidia. Aliyeuziwa atamfuata aliyemuuzia.

15. Kwa nini barabara mpya huwaua waenda kwa miguu?

Kwa sababu zilipangwa kwa magari. Barabara ya Thika ilipofunguliwa, watu waliokuwa wakivuka njia mbili za mwendo wa polepole walijikuta mbele ya njia nane au zaidi. Madaraja ya kuvukia yalichelewa, na mengine yakawekwa mbali na mahali watu wanapovuka. Mama mwenye mzigo na mtoto hatatembea nusu kilomita kwenda na kurudi ili afike kituo cha matatu anachokiona mbele yake.

Waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaokufa barabarani Kenya. Gharama ya daraja la miguu ni ndogo mno ikilinganishwa na barabara nzima, lakini bajeti ikibana, ndilo la kwanza kuondolewa. Mradi ukipita kwenu, dai kwenye kikao cha maoni uonyeshwe michoro ya vivuko, na uangalie kama vipo mbele ya shule, soko na kituo.

16. Mti au msitu unaweza kubadili njia ya barabara?

Imewahi kutokea. Mwaka 2020 mkuyu mkubwa wa miaka mingi ulioko Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa ung'olewe kwa ajili ya Expressway. Watu waliandamana, na Novemba serikali ikatoa amri usiguswe. Bado upo. Miti mingine mingi kwenye njia hiyo haikupata bahati hiyo, kwa kuwa ilikuwa imekatwa kabla watu hawajajua.

## Matengenezo na hali za pekee

17. Mbona lami huchimbuka baada ya miaka michache?

Sababu kuu ni maji na uzito. Mtaro ukiziba, maji hukaa chini ya lami na kulainisha udongo, kisha lori moja linapasua juu.

Kuhusu uzito, wahandisi hutumia kanuni kwamba uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli ya tani 12 inaizidi ile ya tani 10 kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu wake ni takriban mara mbili. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima, na ndiyo maana kuna mizani Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Simama Mariakani alfajiri utazame trela zinavyopanda mizani moja moja, ekseli kwa ekseli. Lori moja lililopitishwa kwa mkono wa rushwa linakula pesa ambazo maelfu ya magari madogo yalilipa kwenye pampu.

18. Mwanakandarasi ameondoka na kuacha barabara nusu. Tufanye nini?

Mara nyingi hajalipwa, na mkataba unamruhusu kusimamisha kazi. Ukitaka kujua, soma bango la mradi lina jina la mamlaka gani, kisha iandikie mamlaka hiyo, nakala kwa mbunge. Kama mchepuko ni hatari au kalvati limeachwa wazi, mamlaka inawajibika kwa usalama hata kazi ikiwa imesimama. Andika kwa barua, ukiambatisha picha zenye tarehe.

19. Wabunge na magavana wanagombania nini?

Ni takriban Sh10.5 bilioni za ushuru wa mafuta. Magavana wanasema barabara nyingi sasa ni za kaunti, hivyo pesa ziwafuate. Wabunge wanasema kazi hiyo ifanywe na KeRRA na KURA katika maeneobunge. Mzozo ulisimamisha pesa za kaunti na ukafika mahakamani. Barabara ya kwenda sokoni haitambui mipaka hiyo, na mkulima anayepoteza maziwa kwa tope hajali ni nani aliyeleta greda. Wasomaji wa Katiba wengi wako upande wa magavana, nami naona wana hoja, ingawa kaunti nazo hazijaonyesha daima kwamba zinatumia vizuri pesa za barabara zilizo nazo.

20. Naweza kuona mkataba wenyewe?

Unaweza kuuomba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andika kwa ofisa mkuu wa KeNHA au kitengo cha ubia katika Hazina ya Kitaifa, utaje jina la mradi, na utaje hasa unachotaka. Ukiandika "mkataba wote" utajibiwa kwamba kuna siri za kibiashara. Omba vifungu: utaratibu wa kurekebisha ada, dhamana yoyote ya mapato kutoka kwa serikali, masharti ya kuvunja mkataba na fidia yake, na hali ambayo barabara lazima iwe nayo siku ya kurudishwa.

Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Huduma hiyo haina malipo.